Gitaa la Mjomba Lashushwa Sauti Bila Mjomba Kuulizwa

Saa tatu asubuhi. Mvua ya Jaiaw, mtaa wa Wakhasi huku milimani, imeingia siku ya nne bila kupumzika, na Kong (yaani Dada) Phidalia Kharkongor amesimama juu ya kiti cha jikoni kwake, kichwa kikiwa kimezama kwenye samaki wa ng'onda na nyama iliyokaushwa. Anapapasa ubao mrefu uliolazwa kwenye uchaga wa juu ya meko.

"Bado," anasema na kushuka huku akijifuta masizi. "Wiki ya sita na bado una maji. Mji huu hata chumvi inalia."

Pembeni ya ubao huo kuna kitu kingine kirefu, kimefungwa kwenye shuka kuukuu na kufungwa tena kwa kamba. Hicho hakigusi. Nilipomuuliza ni nini, alinijibu kwa mkato: "Mzigo wa watu."

Phidalia, mwenye miaka hamsini na mmoja, ni fundi wa magitaa. Kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake, aliyekuwa akitengeneza redio na magitaa katika nyumba hii hii. Yeye ndiye binti wa mwisho, ambaye kwa Wakhasi ndiye mrithi, kwa hiyo nyumba ya mama ilimwangukia, na meza ya ufundi ikaja nayo. Mwezi mzuri humpa rupia elfu kumi na nane. Miezi ya mvua humpa nusu ya hizo, na malalamiko.

"Wananiambia gitaa langu linanuka ng'onda," anasema. "Nawaambia, nendeni dukani mkanunue lisilonuka, halafu mwezi wa saba mniletee nilione lilivyopinda kama ndizi. Mbao hapa haikauki mahali pengine popote ila juu ya meko. Samaki amejua hilo, mpiga gitaa hajui!"

Kinachomchosha siku hizi si harufu bali hamu ya watu ya sauti ya chini. Vijana wa roki wanaitaka, kwaya za makanisa zinaitaka, na kila mmoja amekwisha kuona kwenye simu mtu fulani akiipata kwa dakika kumi.

Kuligeuza gitaa la kawaida la umeme liwe baritoni, yaani gitaa lenye sauti iliyo kati ya gitaa la kawaida na la besi, si kulegeza nyuzi. Uzi ukilegea sana unalala kama kamba ya kuanikia nguo na kugonga vyuma vya shingo. Ukifunga nyuzi nene peke yake, unapata nusu ya sauti na usumbufu wote. Dawa ni kuurefusha uzi wenyewe. Shingo ya zamani inafunguliwa, inafungwa nyingine ndefu zaidi, na uzi uliokuwa wa inchi ishirini na tano na nusu unakuwa wa ishirini na saba na zaidi. Mwili wa gitaa hautobolewi hata tundu moja.

"Haya nimeyasema mpaka mate yamenikauka," anasema Phidalia. "Na bado alikuja Bah Teibor."

Bah Teibor Marbaniang (Bah ni kama kusema Bwana) ni mwalimu wa kwaya kutoka Mawlai, mtu mpole anayeongea kama anaomba radhi. Alikuja mwezi wa tatu na gitaa jekundu la zamani. Binti yake, Larihun, alikuwa mwimbaji mpaka alipofanyiwa upasuaji wa koo mwaka juzi. Sauti ilirudi, lakini ilirudi nzito, na nyimbo zake zote zikawa juu mno kwake. Kile kibanio cha shingoni wapigaji wanachokitumia kinajua kupandisha tu, kushusha hakijui. Larihun alilifungia gitaa ndani ya kasha lake, akakaa miezi kumi na minne bila kuimba hata jikoni.

"Nikamuuliza Bah Teibor, gitaa la nani hili? Maana mimi kila anayeingia humuuliza hivyo," anasimulia Phidalia. "Akajibu, langu. Nikaamini!"

Mara ya kwanza Teibor alitaka nyuzi zilegezwe. Mara ya pili alileta nyuzi nene na kusisitiza zitoshe kwenye shingo ile ile. Phidalia alimkatalia, akambembeleza, akamkatalia tena, mwishowe akachukua tupa na kupanua mifereji ya kile kipande cha mfupa kinachoshikilia nyuzi juu ya shingo. Sauti ilitoka kama nyuki ndani ya debe. Mara ya tatu ndipo Teibor alipokubali shingo mpya. Phidalia aliichonga kwenye boriti ya msaji iliyong'olewa zamani katika nyumba hii ya mama. Ilimchukua wiki tisa, na shingo moja aliitupa njiani kwa sababu ilipinda.

Jumanne ya wiki iliyopita kazi ikakamilika. Teibor na Larihun walikuwa wamekaa karakanani, gitaa liko mezani, shingo ya zamani pembeni yake, nyuzi zimeshafungwa. Larihun alikuwa aimbe kanisani Jumapili, mara ya kwanza tangu augue. Ndipo mlango ulipofunguliwa akaingia mzee mwenye mwavuli unaochuruzika, Bah Kitbok Wahlang, kaka wa mke wa Teibor. Kwa Wakhasi mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli.

Phidalia alimsogezea sinia la tambuu za kutafuna. Mzee hakulitazama. Kwa Wakhasi, mtu anayekataa tambuu mlangoni hakuja kusalimia.

"Nani kakupa ruhusa ya kuligusa gitaa langu?"

"Baba mtu, Bah."

"Baba mtu?" Mzee aligeuka. "Baba mtu ni nani katika ukoo wa Wahlang? Huyu si kaja kuoa tu?"

"Shemeji," alianza Teibor.

"Wewe nyamaza kwanza, shemeji. Nitakufikia."

Hapo Phidalia alifungua kasha la gitaa na kuutazama mfuniko kwa ndani. Lilikuwepo jina, kwa wino uliofifia: Wahlang. Bah Kitbok alilinunua gitaa hilo ujanani, akalipiga miaka thelathini, kisha akaliacha nyumbani kwa dada yake liwe mali ya ukoo. Ule mfupa uliopanuliwa kwa tupa, alikuwa ameuchonga kwa mkono wake mwenyewe.

Phidalia hata leo akilisimulia anajipiga paji la uso. "Mimi Mkhasi mtu mzima! Binti wa mwisho! Nimelelewa na wajomba watatu waliokuwa wakinipangia hata rangi ya mlango. Halafu namsikiliza baba mtu bila kumuuliza mjomba! Kosa langu, simsingizii mvua."

Alimwomba mzee radhi. Mzee akasema radhi haimrudishii mfupa. Akataka shingo ya zamani irudishwe hapo hapo, na yeye akiona.

Teibor ndiye aliyesimama. Phidalia anasema hajawahi kumsikia akipaza sauti, na hata siku hiyo hakuipaza sana.

"Shemeji, miaka ishirini na tisa nakaa nyumba ya dada yako. Nikitaka kupigilia msumari nauliza. Sijalalamika, ndivyo tulivyo. Lakini mwanangu alikuwa amenyamaza, wewe hukuwepo kumsikia alivyonyamaza. Nilitaka nimfanyie kitu kimoja bila kwenda kuomba ruhusa kwa mtu."

Phidalia alikuwa ameshaishika bisibisi, akaishikilia tu.

"Mjomba," alisema Larihun, "nikupigie mara moja, halafu wafungue."

Akalichukua gitaa. Alianza na ule wimbo wa mavuno ambao mzee mwenyewe alimfundisha alipokuwa na miaka sita, ila sasa aliuimba chini kabisa, mahali sauti yake ilipokuwa imehamia. Gitaa lilikuwa naye chini huko huko, halikumkimbia. Katikati ya ubeti wa pili sauti ilimkwaruza. Hakuacha, aliumaliza. Mwandishi huyu hakuwepo, lakini Phidalia, mwanamke ambaye hasifii kitu, anakiri alilia na hakujificha.

Bah Kitbok alinyoosha mkono, akachukua tambuu kwenye sinia.

"Linanuka ng'onda," alisema akitafuna.

"Harufu itatoka, Bah."

"Bora. Larihun, imba nalo hivyo hivyo Jumapili." Akamgeukia Teibor. "Na wewe, siku nyingine niulize. Ningekubali, mpumbavu wewe."

Kisha akaichukua shingo ya zamani, ikiwa na ule mfupa wake, akaiweka mikononi mwa Phidalia. Akamwambia aitunze pakavu. Huenda siku moja Larihun akapata binti mwenye sauti ya juu, na gitaa litatakiwa kupanda tena.

Hicho ndicho kilicho ndani ya shuka.

"Sasa nimekuwa ghala la ukoo wa watu," ananung'unika Phidalia. "Bure! Na hata huyo mtoto hajazaliwa. Larihun hata mchumba hana!"

Lakini mpango anao. Ameanza kumfundisha binti yake kufungua na kufunga shingo, ili mtu ajue la kufanya yeye akiwa hayupo. Juu ya shuka ameandika kwa kalamu nene: "Wahlang. Aulizwe mjomba."

"Ila namwomba Mungu niifikie siku hiyo mwenyewe," anasema. "Nataka kuirudisha shingo hii kwa mkono wangu. Safari hii nitauliza wajomba wote, mpaka wa majirani."

Anapanda tena kwenye kiti. Ubao mbichi anauacha. Ile shingo iliyofungwa shuka anaigeuza taratibu, upande wa pili nao upate joto.