Mashine ya Sauti Kubwa

Nilikuwa nauza redio pale Utemini, na muuza redio ana ugonjwa wake: anadhani kila chenye sauti ni redio. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yameanza kujaa vitu baada ya kuzoea rafu tupu, na mteja akiingia kwangu alikuwa na swali moja tu: "Hii inasikika mpaka wapi?" Nikiwasha ikasikika ng'ambo ya barabara, ananunua. Hakuna aliyeniuliza kama maneno yanaeleweka.

Kwa hiyo mama yangu alipoanza kutosikia, sikuona kazi. Alikuwa akiishi peke yake Unyambwa, kwenye tembe aliloachiwa na marehemu baba, na shamba la uwele na alizeti, na kaburi la mzee ubavuni mwa nyumba. Watoto walikuwa wakimpa shikamoo, yeye kimya. Kwetu hilo si jambo dogo. Mkubwa asiyeitikia shikamoo ana neno moyoni, na majirani wakaanza kuulizana wamemkosea nini. Nikawaambia watulie, maneno hayo nitayamaliza mimi.

Nilipokwenda Dar es Salaam kufuata mzigo, nikaiona dawa yake ndani ya kabati la kioo la mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo. Ni kisanduku kama pakiti ya sigara, kinavaliwa kifuani, waya unapanda mpaka sikioni, na ndani kuna betri. Mashine hizo za kusikilizia zilikuwepo za aina mbili tatu. Jamaa akaniuliza kama mgonjwa amepimwa. Nikamcheka. Apimwe nini tena, bwana, si hasikii! Nikataka ile yenye sauti kubwa kuliko zote.

Siku ya kumvalisha, uani palijaa watu. Nikazungusha sauti mpaka mwisho. Lo! Mashine ikapiga mluzi, kuku wakatawanyika, mama akaruka akashika sikio. Halafu akanitazama, nami nilikuwa nimekenua meno yote nje. Akasema, "Nasikia, mwanangu. Ahsante." Wanawake wakapiga vigelegele. Tangu siku hiyo mwenye shida naye alikuwa anainama na kukisemesha kile kisanduku kifuani kwake, naye anatikisa kichwa, anatabasamu, anasema, "Eeh, haya." Na mimi nikavimba kichwa, usiniambie kitu.

Biashara ilikuwa imefunguka, na kila mwenye duka alikuwa anataka la pili, nami nikiwamo. Akatokea mtu anayetaka shamba la Unyambwa pamoja na nyumba. Nikajiambia mama amezeeka, anakaa peke yake, aje kwangu mjini ale raha na wajukuu. Lakini mali ile haikuwa ya kuuzwa bila kauli yake, na mimi si mwizi. Nikawaleta wazee wa ukoo na mnunuzi, tukakaa uani. Nikakiinamia kisanduku, nikamweleza yote: shamba linauzwa, nyumba inauzwa, kaburi litabaki na heshima yake, wewe unahamia kwangu. Baba mdogo akauliza, "Umesikia, shemeji? Umeridhika?" Mama akatutazama mmoja mmoja, uso umemchanua kwa kupata wageni wengi hivyo, akasema, "Eeh, haya. Ahsanteni kwa kuja." Kisha akainuka kwenda kukamata jogoo.

Hebu fikiri. Nyumba ya mtu inauzwa, naye anainuka kuwachinjia jogoo wanaoiuza! Nililiona hilo kwa macho yangu. Baba mdogo naye akaniangalia kidogo, kama anasubiri niseme kitu. Nikasema, "Basi, mama amekubali." Hakuna aliyenipinga, maana mashine ilikuwa pale kifuani na kila mtu anaiona.

Alikuja Utemini na kifurushi kidogo, kama mtu anayekuja kutembea. Mvua zilipokaribia akaanza kuuliza ni nani atakayekandika udongo paa la tembe lake kabla halijavuja. Nikamjibu kwenye kisanduku. Akatikisa kichwa. Kesho yake akauliza tena. Nikasema ni uzee, na Mungu anisamehe, nikawa nampigia makelele mama yangu mzazi: "Si tulishayaongea haya!" Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, huyu mama hasikii." Nikamfokea na yeye. Asisikieje, na mashine nimenunua mwenyewe? Sikio la kufa halisikii dawa, na la kufa lilikuwa langu.

Walipokuja wataalamu wa masikio katika hospitali moja ya misheni, mke wangu hakuniomba ruhusa, alinipa taarifa tu. Nikaenda nao nimenuna. Daktari, mama mmoja mpole, akakichukua kisanduku na kufungua mfuniko wa betri. Hamkuwa na kitu ila vumbi. Nesi akasogea karibu na mama, uso kwa uso, akamuuliza kwa Kinyaturu betri iko wapi, polepole, kwa sauti nzito. Mama akajibu ameinama. Betri aliitoa jioni ile ile ya kwanza, wageni walipoondoka, kwa sababu mashine ilimuumiza na kila kitu kikawa kelele moja. "Lakini mwanangu alikuwa amefurahi mno," akasema. "Ningemwambiaje?"

Kwa hiyo mbele ya wazee nilikiinamia kisanduku kitupu. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Daktari akawa anaeleza nami nasikia nusunusu: kwamba sikio si redio iliyopunguzwa sauti. Mama alikuwa bado anazisikia sauti nzito, ng'ombe, kinu, ngurumo. Zilizompotea ni zile nyembamba, za watoto na zile ndogondogo zinazofanya neno lieleweke. Mimi nilikuwa nimemwongezea zile alizonazo mpaka zikamuumiza. Alihitaji mashine ya kukaa nyuma ya sikio, iliyowekwa kwa kufuata vipimo vyake, na kizibo cha umbo la sikio lake mwenyewe ili isipige mluzi. Akamjaza sikioni kitu laini kama unga uliokandwa, kikakauka, akakitoa. Kikapelekwa kutengenezwa.

Nilikimbia kwa mnunuzi siku hiyo hiyo. Tembe lilikuwa limeshabomolewa, na matofali ya kuchoma yamepanda mpaka madirishani. Yule bwana hakunigombeza. Alisema tu, "Ndugu yangu, si alikubali mwenyewe mbele ya wazee?"

Baada ya hapo, kila nilipoamka nilikuwa naomba ile mashine mpya ichelewe. Mtoto gani anaomba hivyo? Nilikuwa nampelekea mama chai, ananiambia ahsante, nami nashindwa kumtazama.

Ikaja. Kitu kidogo, cha rangi ya ngozi, unaweza usikione. Daktari alisema aanze nyumbani, kwenye chumba kimya, mtu mmoja akae mbele yake na kusema kwa sauti ya kawaida. Mke wangu akawatoa watoto nje na kufunga mlango. Nikamwambia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema, na macho yakamjaa machozi. "Kumbe sauti yako imekuwa ya baba yako." Akanishika mkono. "Sasa nimepona. Lini unanirudisha kwangu?"

Nikafungua mdomo, nikanong'ona kitu nisichokijua.

"Usinong'one, mwanangu. Sema tu. Nasikia vizuri."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kwa sauti ya kawaida, kama daktari alivyoelekeza, na hakuna neno hata moja lililompita. Hakulia wala hakunilaani. Nilipomaliza alipeleka mkono sikioni, akaitoa ile mashine taratibu, akaniwekea kiganjani.

"Kaiweke," akasema. "Nimeshasikia."