Maji Niliyoyamwaga Kwenye Pipa la Mama

Niliwahi kumwaga maji kwenye pipa la mafuta ya taa la mama yangu, kwa makusudi, mchana kweupe, tena nikiwa nimemaliza kidato cha nne. Mtu ambaye hakusoma asingeweza kufanya ujinga wa namna ile. Ulihitaji kitabu.

Ilikuwa kwetu Suna, miaka michache baada ya uhuru. Wenzangu walishapanda basi kwenda kutafuta kazi Kisumu na Nairobi. Mimi nilibaki nyumbani, nikisema namwangalia mama, ingawa kila mtu aliona ni nani anamwangalia mwenzake. Mama aliuza mafuta ya taa. Pipa lilisimama kwenye kona ya duka na pampu ya mkono juu yake, na hadi leo nikisikia chuma kikilia kwi-kwi, ile harufu hunirudia puani, na kiti cha kamba nilichokalia pale dukani hunirudia mgongoni.

Wiki ile mvua iliharibu barabara, lori la kutoka Homa Bay likakwama. Mafuta yakashuka mpaka pampu ikawa inakohoa hewa, kwa sababu bomba lake halikufika chini kabisa. Liliacha kama shibiri moja na nusu. Na ilikuwa Ijumaa. Majirani zetu Waadventista hawanunui kitu jua likishatua, kwa hiyo alasiri walikuja na chupa zao. Siku kama hizo mama hung'oa pampu, akaliinamisha pipa na kumimina kilichobaki kwenye beseni. Lakini mama alikuwa sokoni, na mimi kuinua vitu sikupenda.

Nikakumbuka jiografia. Kitabu kilisema kisima cha mafuta kikichoka, wataalamu hawakiachi. Hushindilia maji ardhini kupitia shimo la pembeni, na yale mafuta yaliyogoma hupanda. Yaliyo mazito hupelekewa mvuke wa moto ili yalegee. Nikaleta ndoo.

Ajabu ni kwamba njia ilifaulu! Maji yalikaa chini, mafuta yakapanda, pampu ikameza. Nikajaza chupa tatu safi. Ikikohoa, naongeza maji. Nikaanza kujiona mhandisi. Kilichonitoka akilini ni kwamba maji nayo yalikuwa yanapanda kuelekea mdomo wa bomba. Chupa ya nne ilikuwa ya mjane wa nyumba ya pili, chupa nyeusi ya dawa isiyoonyesha kitu ndani, nayo ilinuka mafuta kama zile zingine.

Jioni ile watu wa kanisa lake walikutana kwake kuifungua Sabato. Jua lilipotua, taa yake ilitema cheche mbili tatu, ikazima. Kununua mengine hawezi tena. Akaja mlangoni kwetu na taa yake mkononi. Mama akafungua kifuniko, akamimina kidogo kiganjani, akanitazama.

"Wuoda, mwanangu, umefanya nini?"

Nikaeleza: kisima, shimo la pembeni, maji. Nikafika kwenye mvuke wa moto.

"Hiyo ya moto," mama akasema, "ukitaka kuisoma tena, isomee mbali na pipa langu."

Akachukua taa yetu, tuliyokuwa nayo moja tu, akaniwekea mkononi. "Nenda ukawashikie." Yeye akabaki gizani.

Basi mimi, Mkatoliki, nikasimama katikati ya chumba kilichojaa Waadventista, nimeinua taa, na hakuna aliyenionyesha meza ya kuiweka. Waliimba kwa Dholuo, polepole, nondo wakinizunguka masikioni. Nimesikia kwaya nyingi tangu hapo, lakini ile bado naisikia begani.

Walipomaliza, nikamwambia mjane kwamba wataalamu wenyewe hupata mafuta mengi kwa njia ile ile. Akanitoa mpaka mlangoni.

"Nyathina, mtoto wangu, hao wa kwenye kitabu wana kisima, mama yako ana pipa. Jumapili utaniletea mafuta yangu, na apime yeye, si wewe."