Makopo Manne ya Kabati

Siku moja niikumbukayo kama ya jana, mwanangu, nilikuwa bi harusi wa miezi mitano katika nyumba ya mavyaa wangu, Bi Rukia binti Salim, hapa hapa Mji wa Kale. Mtaa mzima ulikuwa na homa. Alianza Bi Thureya wa nyumba ya pili, akafuata Mwanakombo mshona kofia na wanawe, Athmani na Saida. Homa ya kuvunja viungo. Siku hizi mwaiita dengi.

Akaja mama mmoja mtafiti, mtu wa bara, jina lake Mwende. Alipita nyumba kwa nyumba na tochi, kata ya bati na sahani nyeupe, akiangalia maji. Sisi tukimwita daktari, naye akisema, "Mimi sidungi sindano, natafuta mbu tu." Tulimcheka. Nani tena atafutaye mbu?

Alipopiga hodi kwetu, nikakumbuka makopo. Kabati letu la chakula lilisimama ndani ya makopo manne ya maji, kila mguu na kopo lake, sisimizi wasipande kwenye halua. Nyumba zote zilifanya hivyo. Lakini maji yangu yalikuwa yameota utelezi, nami ni mke mgeni. Niliona haya mtu asije akasema nyumba ya Bi Rukia ni chafu. Nikainua kabati mguu mmoja mmoja, nikayachomoa makopo, nikayasukuma chini ya kitanda.

Mwende akachungulia birika la kuhifadhia maji, mitungi, hata vyungu vya asumini. Akaandika kwamba kwetu hakuna kitu. Nikamkaribisha kahawa, roho kwatu. Alipotoka, nikayarudisha makopo pale pale, na maji yake.

Siku chache baadaye Bi Rukia akalala kwa homa. Hakuweza kushika kikombe. Tulimlisha uji kwa kijiko, na mume wangu akaanza kuwaita ndugu wa Lamu.

Mwende akarudi, mara hii bila daftari. Akaketi, akaniambia, "Bi Mwanaidi, wagonjwa wamezunguka nyumba hii pande zote, na sasa wamo ndani, nami niliona maji yenu ni safi. Kuna mahali sipaoni. Nisaidie kufikiri."

Nisaidie kufikiri! Mimi niliyesoma madarasa mawili tu! Hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo. Nikainuka, nikamletea kopo la kwanza.

Akalimimina sahanini. Mwanangu, maji yalikuwa hai! Viluwiluwi tele, wakining'inia. Haya ikanitoka.

"Mbona wamesimama kichwa chini?" nikamwuliza.

"Wanapumulia mkiani."

"Na hawa ndio tunaowatundikia neti?"

"La, hawa huuma mchana, umekaa zako wachambua mchele."

Nikamwambia nilivyoficha. Hakufoka. Alisema tu, "Sikuja kukagua usafi wako. Nilikuja kuwauliza mbu wanakoishi, ukawajibia wewe."

Mara ikatoka sauti chumbani, nyembamba kama uzi: "Ewe Mwanaidi! Kumbe umewazuia sisimizi wasile halua, ukawaita mbu wanile mimi?" Ndiyo mara ya kwanza Bi Rukia kutania tangu alale. Nilicheka huku nalia.

Mchana ule nilitoka na Mwende nyumba kwa nyumba, mimi mbele, maana kabati la kila mtu nalijua lilipo. Nusu ya wanawake wa mtaa, mwanangu, makopo yao yalikuwa chini ya kitanda! Akatufundisha kwamba kumwaga hakutoshi, mayai hushika ukutani mwa kopo; kila wiki makopo yasuguliwe. Bi Rukia alipona, ingawa ngazi alizipanda kwa kujivuta mwezi mzima. Kama mbu wake alitoka kwangu, hakuna ajuaye. Nami bado najiuliza.

Sasa watafiti wanapita tena, na juzi nimemwona binti mmoja wa hapa akiifunika ndoo alipowasikia. Nakuomba, mwanangu, usiisafishe nyumba kwa ajili ya macho yao. Waonyeshe ilivyo, na utelezi wake, kisha uwaulize maswali mpaka wachoke. Haya ya siku moja hupita. Mimi nilikaribia kuzika mtu kwa kuikimbia.

Mungu akupe nyumba isiyo na mgonjwa, na moyo wa kuufungua mlango wa chumba usichotaka kionekane. Amin.