Mikwaju Kumi na Minne ya Baudouin

Gurmit Singh aliendesha basi London kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu hakuweza kukaa nyumbani kwake Kilburn hata wiki mbili. Alinunua fimbo za gofu zilizokwisha kutumika, akaanza kucheza katika uwanja wa halmashauri ambako mtu haulizwi baba yake ni nani. Huko ndiko alikokutana na Baudouin. Siku hiyo mpira ulimponyoka Gurmit ukaingia kichakani, naye akaukemea kwa Kiswahili cha Nakuru alikozaliwa: "Mshenzi wewe! Rudi hapa!" Mkata nyasi aliyekuwa karibu alizima mashine yake, akacheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa mtu wa Bukavu, na hakutarajia kuisikia lugha hiyo kinywani mwa singasinga.

Baada ya mwaka mmoja Baudouin naye akashika fimbo, na mwaka huu akataka kuingia mashindano ya uwanja. Ili akubaliwe alihitaji handikapu, ile nambari inayopima uwezo wa mchezaji, ili mnyonge apunguziwe mikwaju na aweze kushindana na hodari. Alitakiwa arudishe kadi za raundi tatu, zimeandikwa na kusainiwa na mwenzake. Gurmit ndiye aliyemwandikia. Mbili zilikuwa zimekwisha kupokelewa.

Raundi ya tatu waliicheza Jumamosi moja ya Mei. Mashimo sita ya mwanzo Baudouin aliyapiga vizuri kuliko wakati wowote, mpaka Gurmit akaogopa kumsifu asije akamtia mkosi. Shimo la saba, mchezaji hodari hulimaliza kwa mikwaju minne, na hicho ndicho kiwango cha shimo. Baudouin aliutia mpira mtaroni. Akaweka mwingine, nao ukaingia mtaroni. Wa tatu ulivuka, ukazama mchangani, na mchangani alichimba kama mtu anayetafuta mhogo. Gurmit alijua angeweza kumwambia aokote mpira na kuendelea mbele, lakini aliitazama shingo ya mwenzake ilivyokakamaa, akaona ni heri amwache amalize. Mikwaju kumi na minne.

"Pasua iyo karatasi, mzee," Baudouin alisema. "Imekwisha."

"Sipasui. Nani amesema imekwisha?" Gurmit aliandika kumi na nne kwa wino, akaongoza njia hadi kwenye benchi la shimo la nane, ambako kundi la mbele lilikuwa bado linasubiri. "Sikiza, bwana. Ulipiga kumi na nne, lakini wakitafuta handikapu yako watahesabu tisa."

"Unanihurumia."

"Si mimi, ni sheria. Kwa mtu ambaye hajapata nambari, shimo halihesabiwi zaidi ya kiwango chake na mikwaju mitano juu. Nne na tano ni tisa. Ukishapata nambari yako kamba inakazwa: kiwango, miwili juu, na ile unayopunguziwa pale shimoni kwa handikapu yako. Basi."

"Juu ya nini wanafanya vile?"

"Wanataka kujua wewe hucheza namna gani, sio mtaro ulikufanya nini leo. Halafu kuna wajanja. Mtu anaharibu shimo makusudi, anapiga ishirini, nambari yake ipande, kesho aje awale wenzake. Huyo pia anafungiwa mlango."

Baudouin aliupangusa mpira matope, kisha akasema akiutazama huo mpira.

"Wakati niliomba ukimbizi, walinihoji masaa tano. Nikaelezea yote. Waliniuliza siku gani watu walimuchukua kaka yangu kule kwetu, nikasema mwezi wa sita. Mara ya pili nikasema wa saba. Barua ikakuja: hatuwezi kukuamini. Ile kosa moja tu njo waliangalia. Miaka sita, mzee, mpaka jaji akasoma yote."

Gurmit alikuwa ameshaandaa neno la busara, kwamba laiti na maisha yangekuwa na sheria kama hii. Akaona aibu. Mchezo ni mchezo, na yule alikuwa kaka wa mtu. Akasema tu, "Pole, ndugu yangu. Aliitwa nani?"

"Déogratias."

Kundi la mbele likaondoka. Baudouin akasimama, akapiga mpira ulionyooka katikati ya majani, na mashimo yaliyobaki hakuharibu tena.

Jumla ilifika mikwaju mia na mitano. Iliyohesabiwa ilikuwa mia moja, na kwa kuwa nambari ya kwanza hutafutwa kwa raundi bora, ile aliyotaka kuipasua ndiyo iliyompa handikapu: ishirini na nane na nusu. Gurmit alimsomea kwenye simu. Baudouin aliuliza swali moja tu, kama kwenye kadi kumi na nne bado ipo.

"Ipo. Kadi haifutwi."

"Basi ibakie. Niliipiga miye."

Juni walishindana watu arobaini. Baudouin akawa wa kumi na saba, Gurmit wa ishirini na tano, na goti likimuuma. Walipotoka, Baudouin alibeba mifuko yote miwili ya fimbo hadi kituo cha basi, huku mzee akimweleza, bila kuulizwa, ni dereva gani wa njia ile ambaye hafungi breki vizuri.