Sufuria ya Tatu

Mama mkwe wangu alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka hamsini na minane, na mpaka leo akikata kona hutoa ncha ya ulimi nje, kama mtoto anayejifunza kuandika. Gari lenyewe zamani lilikuwa la kusambaza mikate. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, kwa hiyo kazi ya kuligeuza jiko ilikuwa yake. Alitoboa dirisha kubwa ubavuni, akatengeneza vyuma vya kuzishika sufuria zisicheze njiani, akaweka na rafu za mabakuli. Mama alipoletewa, alilizunguka mara mbili, akaligonga kwa kiganja kama anayechagua tikiti maji.

"Haya," akasema. "Sasa nina jiko lisilosubiri wagonjwa waje."

Alikuwa amepika hospitalini miaka thelathini. Alipostaafu, ndugu walidhani atatulia nyumbani alee mjukuu. Mjukuu, binti yangu wa miezi minane, analelewa kweli, ila humo humo ndani ya gari, mgongoni kwangu, mimi nikikata karoti. Majirani wanatuchangia maharage na mchele, wauza mboga wa sokoni wanatupa majani, na kila siku isipokuwa Jumapili, mchana, tunaegesha kando ya ukuta wa stendi ya zamani. Pale ndipo wanaposhinda na kulala watu wasio na nyumba.

Kwenye chakula, Mama hana dogo. "Mtu nikimjaza wali mtupu nimemdanganya," husema. Maharage yanalowekwa tangu jana yake. Mboga za majani zinaingia mwishoni, zisije zikapoteza rangi. Karanga zinasagwa kwa wale wasio na meno, chumvi inatiwa kidogo kwa ajili ya wazee wenye presha. Mimi nikikata karoti kubwa, ananirudishia ubao. "Hii umemkatia nani, mwanangu? Punda?"

Tulikuwa na tatizo moja tu, foleni. Ilianzia dirishani kwetu, ikapita mbele ya duka la viatu, ikapita saluni, ikaishia kwenye kona ya mtaa. Mwanzoni ilikuwa imenyooka vizuri. Katikati ya kugawa watu walianza kusukumana, na wakishaanza, basi. Jumatatu moja meza ya viatu ya nje ilipinduliwa, sandali zikatapakaa barabarani, na mwenye duka akaenda moja kwa moja kumwita ofisa wa mtaa.

Ofisa alikuja na daftari lake. Kijana mstaarabu, alimwamkia Mama kwanza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, kazi yako naiheshimu. Lakini hawa wenye maduka nao wana milango yao. Ijumaa nakuja mwenyewe. Nikikuta foleni hapa, itabidi mhamie kule ng'ambo ya reli. Kule kuna uwanja, hamtamzuia mtu."

Mama aligeukia ukutani. Alikuwa akimtazama Bibi Mkoba.

Bibi Mkoba tulimwita hivyo kwa sababu ya mkoba wake wa kahawia asiouachia hata akilala. Miguu yake imevimba, hawezi kusimama kwenye foleni, kwa hiyo huketi juu ya boksi lake ukutani akingoja wote waishe ndipo apelekewe bakuli la mwisho, limeshapoa. Kwenda ng'ambo ya reli lazima upande daraja, na daraja lile lina ngazi arobaini na mbili.

"Kule mimi sifiki," akasema Bibi. Hakulalamika. Alisema kama mtu anayekutajia saa.

Kesho yake Mama alichora mstari kwa chaki kutoka dirishani hadi kwenye kona, akawataka watu wote wasimame juu yake. "Atakayetoka nje ya chaki namnyima tabasamu!" Wakacheka, wakasimama. Ilipofika nusu ya kugawa, chaki yote ilikuwa imeshafutwa na viatu vyao. Tulirudi nyumbani yeye kimya, na Mama akiwa kimya nyumba nzima inapoteza raha.

Mimi nilikuwa na jambo moyoni kwa wiki kadhaa. Sikulisema, maana nani mimi wa kumfundisha mpishi wa hospitali? Lakini ukikaa ndani ya gari, ukipokezana vijiko na mabakuli huku mtoto amekulalia begani, unaona miguu ya watu zaidi kuliko nyuso zao. Jioni ile tukiwa tunasugua masufuria, nikajikaza.

"Mama, mwanzoni huwa hawasukumani."

"Nani kasema wanasukumana mwanzoni?"

"Wanaanza pale upawa unapogonga chini ya sufuria ya pili. Kwaang! Miguu yote inasogea mbele kwa pamoja. Hata yule wanayemwita Kondakta, anayeshinda akitania foleni nzima, hunyamaza."

Mama akaacha kusugua. "Lakini ya tatu ipo!"

"Ipo chini ya blanketi, Mama, nyuma ya mtungi wa gesi. Nani anaijua?"

Alinigeukia, povu likimchuruzika hadi kiwikoni. Halafu akajipiga paji la uso kwa mkono ule ule wa povu.

"Mimi huyu! Kule hospitalini sufuria ya akiba tulikuwa tunaificha, la sivyo wahudumu wenyewe wangeimaliza kabla wodi ya mwisho haijala. Sasa hapa namficha nani?" Akaanza kucheka, na nyumba ikarudi kuwa nyumba.

Jumatano sufuria zote tatu zilipangwa dirishani, vifuniko wazi, mvuke ukitoka kama wa kiwanda. Mama hakuishia hapo. Alijaza sinia la mabakuli, akashuka garini, akaipita foleni yote kwa mwendo wa taratibu, akaanza kugawa kutoka mkiani. Bakuli la kwanza kabisa alimpa Bibi Mkoba.

Kelele zikalipuka. Kondakta, ambaye kweli aliwahi kuwa kondakta wa basi, alikuwa amesimama wa kwanza tangu saa nne asubuhi.

"Mama! Kichwa cha treni kiko huku!"

"Leo treni inakwenda kinyumenyume, baba. Tulia, utafika."

Alifika kweli, akapewa bakuli limejaa mpaka ukingoni. Alikula akimtazama Mama kwa jicho la pembeni.

Alhamisi, sasa, kila mmoja alitaka kuwa wa mwisho. Huyu akihamia nyuma, mwenzake anahamia nyuma yake, mpaka foleni ikageuka duara linalozunguka gari letu kama watoto wanaocheza. Kondakta alikuwa katikati, anapaza sauti, "Miaka kumi na saba nawaambia abiria wasogee nyuma, hawanisikii! Leo ndio mmesikia?"

Mama akaegemea dirisha. "Zungukeni mpaka mchoke. Sufuria hizo hapo, hesabuni wenyewe. Na mimi sili mpaka wa mwisho wenu ale, na njaa mimi siiwezi. Si mnauona huu mwili?"

Walicheka wakaishiwa pumzi. Mmoja akaketi ukingoni mwa barabara, wa pili akaketi, na ghafla kusimama kukawa hakuna maana. Mama na mimi tukawapelekea pale pale walipokaa.

Ijumaa ofisa alifika saa saba kasoro. Akatazama huku, akatazama kule.

"Shikamoo, Mama. Leo hamjapika?"

"Marahaba. Tumepika, na nusu wameshakula."

Ndipo akawaona. Walikuwa wameketi kando ya ukuta, kwenye vidato vya stendi na juu ya maboksi, mabakuli mapajani, wanapiga soga kama wageni wa harusi. Akamgeukia mwenye duka la viatu.

"Mlango wako vipi?"

"Mlango uko wazi," akasema yule bwana. Akakuna kichwa. "Ila na wateja nao wamepungua. Zamani watu wakiona ile foleni walidhani nagawa viatu."

Ofisa aliuma mdomo asicheke, akaandika kitu kwenye daftari. "Mama, bakini hapa hapa," akasema, na Mama akamshindilia bakuli mkononi kabla hajapata la kujitetea.

Nilipokwenda kuchukua vyombo, Bibi Mkoba alinishika mkono. "Mwambie mama yako, miezi yote hii sikujua chakula chake kinaunguza ulimi."

Nikamfikishia. Mama alianza kufuta upawa ambao tayari ulikuwa safi, akaufuta kwa muda mrefu.

Wote walipokwisha kula, ndipo akachukua bakuli lake. Sufuria ya tatu ilikuwa imebaki na kidogo chini, akaiinamisha, akachota. Kwaang!

Kwa mazoea nikatazama miguu. Hakuna hata mmoja uliosogea. Aliyeshtuka alikuwa binti yangu peke yake, mgongoni, akaangua kilio. Mama akamwekea kijiko mdomoni.

"Na wewe nyamaza," akamwambia. "Kipo."