Jembe Lisilo na Wimbo

Nilijiunga na klabu ya huduma kwa jamii ili nikwepe kusafisha vyoo. Jumamosi asubuhi shule nzima ilifanya usafi, isipokuwa wanaklabu, ambao walikwenda vijijini kusaidia wazee. Siku hizi nasikia wanafunzi wakijieleza kwamba waliongozwa na moyo wa kujitolea. Hongera zao. Mimi niliongozwa na harufu.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, nje ya Kahama, upande wa kuelekea Bugarama. Mwalimu mlezi wa klabu, kijana mpole aliyetokea Mbeya, alitukabidhi bibi mmoja mjane wa kijiji cha jirani. Miti kule imekwisha, kwa hiyo bibi alipikia mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wa miaka yote hiyo ulikuwa umemwachia macho mekundu. Kwetu Usukumani bibi kizee mwenye macho mekundu huitwa mchawi hata kabla hajafungua mdomo. Wapo waliokatwa mapanga kwa sababu hiyo tu. Nilikua nikiyasikia hayo, na siku ya kwanza nilimwamkia nikiwa nimesimama mbali.

“Marahaba, mayu,” akaitikia, yaani mama kwa Kisukuma, ingawa nilikuwa binti mdogo. “Sogea, siumi.”

Tukazoeana. Tulimchotea maji, tukampelekea mabua ya pamba ya kuwashia moto. Nikifagia uwanja wake ananitazama weee, halafu anauliza ni nani aliyenifundisha kuhamisha vumbi. Nilikuwa na mdomo mchafu enzi hizo, lakini kwake nilipata mtu wa kunimudu.

Mvua zilipoanza, bibi akaugua malaria. Majirani wote walikuwa mashambani, na kipande chake cha mahindi kilikuwa bado pori. Mwalimu akaamua tukamlimie alfajiri, kabla jua halijawa kali. Akatuonya tusipige kelele, maana mgonjwa alikuwa amelala. Basi tukajipanga mstari, wote na fulana zetu za michezo za kijivu, tukalima na kupanda mbegu kimya kimya kwenye ukungu.

Yeyote aliyezaliwa kwetu anajua kwamba kundi halilimi kimya. Watu wakilima pamoja hupiga ngoma, wakaimba, majembe yakapanda na kushuka kwa pamoja. Mwalimu hakuyajua hayo, na wenzangu wengi walikuwa watoto wa wachimbaji na wafanyabiashara waliohamia kutoka mikoa mingine. Mchungaji mmoja akapita na ng'ombe wake, akatuona, akasimama. Kisha akakimbia na kuwaacha ng'ombe wakizagaa.

Kufikia mchana kijiji kizima kilikuwa na habari: bibi anafuga misukule. Yaani amewachukua watu waliodhaniwa wamekufa, akawafunga midomo, na sasa anawalimisha shambani kwake.

Jumatatu yake mwanamke mmoja akaja kwenye geti la shule. Alikuwa amemzika binti yake mwaka ule ule. Hakutaka ugomvi na mtu. Aliomba tu aruhusiwe kutuangalia nyuso, sisi tuliolima. Mwalimu akatupanga uwanjani, naye akapita akimtazama kila msichana, taratibu. Aliponifikia mimi alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga, halafu akaniachia. Aliondoka analia bila sauti. Nilimwonea huruma mama yule, na papo hapo nikamchukia kila aliyempa tumaini la namna ile.

Bibi akaitwa kwenye mkutano wa kijiji. Mwalimu alitaka mmoja wetu aende kueleza, na aliyejua Kisukuma sawasawa nilikuwa mimi peke yangu. Kwenye klabu ya mdahalo nilipewa kazi ya kushika saa, kwa sababu lafudhi yangu iliwachekesha. Sasa nikasimama mbele ya umati, nikaanza kwa namna pekee niliyoijua: “Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa majaji…”

Wakaangua kicheko. Hapo hasira ikanipanda. Nikakitupa Kiswahili changu cha mdahalo, nikasema Kisukuma cha nyumbani.

“Ni sisi tuliolima,” nikawaambia, nikanyoosha viganja. “Njooni mshike. Msukule anatoka malengelenge?” Kisha nikawageukia akina mama. “Na ninyi, nani hapa hapikii mavi ya ng'ombe? Hebu tazamaneni macho.”

Hakuna aliyecheka tena. Mama aliyefiwa alikuwa ameketi mbele, akainamisha kichwa. Mwenyekiti akasema jambo limekwisha na asisikike mtu akilirudia. Watu kadhaa wakapiga makofi. Nilirudi shuleni nikijiona mtu mzima, nimemwokoa mtu kwa kinywa changu. Sijawahi kujipenda kama jioni ile.

Jumamosi iliyofuata tulimkuta bibi anafunga mizigo. Sufuria zilikuwa zimeshaingia kwenye kiroba, na mkeka umekunjwa. Nikamuuliza kulikoni, wakati mkutano umekwisha vizuri.

“Ulisema vizuri, mayu. Nilikusikia,” akanijibu. “Shule mnafunga lini?”

“Ijumaa, bibi.”

“Na wewe ukifunga unakwenda wapi?”

“Nyumbani. Nyasubi, kwa mama.”

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea.

“Na mimi nakwenda kwa mwanangu, Ushirombo. Waliokupigia makofi wanalala hapa. Na wasiopiga nao wanalala hapa hapa, na mapanga yao.”

Nje mahindi yake yalikuwa yameanza kuchomoza. Nikamshikia ncha ya kamba, akafunga mkeka.