Safari Mbili za Minto na Jina Nisiloliandika

Nilitoka nyumbani kwangu Doonside, magharibi mwa Sydney, Jumamosi moja ya Juni 2021 kwa sababu jarida la jumuiya yetu liliniomba makala kuhusu siku Japani iliposalimu amri. Niliwahi kufundisha historia Morogoro, na nilikuwa nimesikia kwamba katika mtaa wa Minto, kusini mwa jiji, yuko mzee Mkongo wa miaka tisini na minne aliyebeba machela Burma na jeshi la Wabelgiji katika miezi ya mwisho ya Vita vya Pili vya Dunia. Nikamwandalia maswali kumi na mawili.

Saa tatu asubuhi nilibadili treni Blacktown. Tulipopita Fairfield behewa lilijaa watu wenye barakoa, kila mmoja akimkwepa mwenzake. Nilisoma maswali yangu hadi Glenfield, nikabadili tena.

Minto nilipokewa na Mama Furaha, binti wa mzee, akiwa bado na sare ya kazi yake ya kutunza wazee. Akatuandalia bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Nikaweka simu mezani, nikaanza kurekodi.

"Babu, siku Japani iliposalimu amri, ulikuwa wapi?"

"Mwalimu, unauliza kama polisi ya Wabeleji!" Akacheka hadi akakohoa. "Mi nilikuwa nafua bandeji. Wakapiga filimbi, wakatupatia sukari. Basi. Lakini nilikuwa na rafiki. Alikufa na homa, vita inakaribia kwisha. Niliporudi, mama yake akaniuliza, mwanangu yuko wapi? Nikamuambia anakuja na meli ya pili."

"Pole, babu. Tutafika huko. Filimbi ilipigwa saa ngapi?"

Alinitazama kidogo. "Asubuhi," akasema, akarudi kwenye sahani yake.

Wakati wa kuondoka alinishika mkono mlangoni. "Utarudi? Nataka uandike jina yake. Watu yake wako Uvira. Wajue alizikwa wapi."

"Jumamosi ijayo, babu."

Daftari lilikuwa mkobani. Treni ilibakiza dakika nane ifike.

Jumamosi iliyofuata Sydney ilifungwa kwa sababu ya korona. Ningeweza kupiga simu. Nilijiambia kwamba mambo ya namna ile huulizwa ana kwa ana. Makala ilitoka, ikasifiwa. Agosti mzee akafariki, na maziko yake niliyatazama kwenye simu.

Mwezi wa Oktoba, njia zilipofunguliwa, nilipanda treni zilezile. Mama Furaha aliomba kusikia sauti ya baba yake. Tukasikiliza: filimbi, sukari, meli ya pili. Kisha sauti yangu, changamfu: "Tutafika huko."

Akaizima. "Sisi watoto hakutuambia jina ya huyo rafiki. Alisema hiyo ni ya kumuambia mwenye kuandika. Dada, jina uliandika?"

Nikamfungulia daftari. Palikuwa na neno "asubuhi", nimelipigia mistari miwili.

Nilirudi Doonside jioni, behewa likiwa karibu tupu. Siku hizi nikimhoji mtu sianzi na swali langu. Namwacha aanze anapotaka. Nimejifunza hilo nikiwa nimeshachelewa. Uvira ipo familia iliyoahidiwa meli, nami sijui niulizie mlango wa nani.